Mume Wangu Anataka Tulale Garini Ukweni



*Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, naishi Tabata. Mume wangu alikuwa fundi umeme. Alipostaafu alinunua Coaster kuukuu, akang'oa viti akabakiza sita, akaweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 200 na sola juu ya paa. Mtoto wetu aliyeko Marekani ndiye aliyemtumia video za watu wanaozunguka nchi nzima na magari ya namna hiyo. Mwaka mzima jioni za mume wangu zimeishia humo garini, na kusema kweli amelitengeneza likatengenezeka.*

*Sasa amepanga safari yetu ya kwanza. Anataka Pasaka hii twende Morogoro wiki moja. Kwanza tukae mjini, mji alioupenda tangu ujana kwa sababu ya muziki. Kisha tupande kwetu Mgeta, tuegeshe kwenye korongo karibu na mto tulale tukisikia maji. Kisha tushuke hadi Korongo la Stiegler, ambalo marehemu baba yake alimsimulia. Anasema uzuri wa gari hili ni kwamba hatutasumbua mtu.*

*Tatizo ni hapo kwetu. Sijafika Mgeta tangu matanga ya mama, miaka sita sasa. Dada yangu mkubwa yupo, mjomba yupo, amezeeka. Nikifika nikalala garini watanielewaje? Mume wangu ni mtu wa Bukoba, nikimweleza haya anaona nimeidharau kazi yake. Watoto wetu wa hapa Dar nao wanacheka, wanasema watu watadhani tumefukuzwa kwenye nyumba. Twende au tuache? Na kama ni kwenda, nimpigie mjomba au tufike tu?*

*Mama wa Tabata*

Mdogo wangu,

Nendeni. Naliweka hilo mbele kwa sababu barua yako imejaa hofu, na mtu aliyefundisha watoto wa wenzake maisha yake yote hapaswi kujinyima safari kwa kuogopa kuchekwa. Ila msiende Pasaka, msilale ukingoni mwa mto, na mkifika Mgeta laleni nyumbani kwenu.

Wanao waache wacheke. Madereva wa malori na utingo wao wanalala kwenye magari yao kila usiku kuanzia Chalinze hadi Tunduma, na hakuna anayesema wamefukuzwa kwao. Hilo si la kukukosesha usingizi.

Lililonisimamisha katika barua yako ni lile neno la mumeo, kwamba hamtasumbua mtu. Kwa sisi wa mjini hiyo ni adabu. Ukienda hotelini ni adabu. Lakini hebu lipeleke neno hilo uani kwa dada yako. Saa mbili usiku mlango wa Coaster umefungwa, taa zenu zinawaka ndani, jiko lenu linapika ndani, maji yenu mmekuja nayo kutoka Dar. Dada yako amesimama nje na bakuli la viazi alivyowapikia, anatafuta pa kubisha hodi. Amekwisha kuambiwa kwamba hana chochote ambacho ninyi mnakihitaji, na hakuna aliyefungua kinywa.

Wewe ni Mluguru, unayajua haya kuliko mimi. Kwenu ukoo unafuata mama. Ardhi inapitia kwa akina mama, watoto ni wa upande wa mama yao, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo Mgeta wewe huendi kama mgeni wa mtu. Unaingia penye haki yako, na mumeo ndiye anayepokewa. Mueleze hilo kwa utaratibu, siku ametulia, kwa sababu kwao Bukoba mambo yanakwenda kwa upande wa baba na huenda hajawahi kulitazama kwa jicho hilo hata baada ya miaka yote ya ndoa. Usianze na gari. Anza na mjomba. Mwambie kwamba mzee yule ndiye aliyebaki wa kumpokea kama mkwe, na mkwe halali nje ilhali nyumba ipo. Mwanaume aliyekaa mwaka mzima akitengeneza kitu kwa mikono yake hapendi kuambiwa kitu chake kina aibu, lakini kuambiwa kwamba anasubiriwa mahali, hilo atalisikia.

Na wewe pia nina neno lako, unisamehe kama nakosea. Naona gari hili linakufaa hata wewe. Ukilala humo, hutakaa jikoni usiku na dada yako mkimenya njegere, na hutaulizwa kwa nini hukuja miaka sita. Swali hilo linakusubiri, mdogo wangu. Ni heri uulizwe jikoni na dada yako, moto unawaka, kuliko uulizwe siku nyingine mbele ya jeneza la mjomba. Jibu lolote utakalotoa, litoe ukiwa umeketi chini kwake.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe, maana hapo pia mumeo ana mambo ya kurekebisha.

Pasaka huangukia masika. Milima ya Uluguru ndiyo inayoyakamata mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi. Upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, mvua haikauki karibu mwaka mzima. Upande wenu wa Mgeta una nafuu, lakini Machi hadi Mei njia zinateleza na kingo zinaporomoka. Subirini Juni, Julai au Agosti. Kutakuwa na baridi ya kuingia mifupani na anga itakuwa wazi. Wajukuu nao huenda wakawa na likizo, na wale wanaocheka wanaweza kuwafuata kwa treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 inatoka Dar hadi Morogoro chini ya saa mbili.

Kutoka Dar hadi Morogoro mjini ni kama kilomita 190 za lami, na ugumu wake ni malori. Tokeni alfajiri, pumzikeni Chalinze, mfike mapema. Kabla ya siku hiyo mumeo alipime gari likiwa limejaa kila kitu. Gari lenye uzito kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupita mizani, na lita 200 za maji peke yake ni kilo 200. Aende pia TRA na kwa watu wa bima awaeleze kwamba basi limegeuzwa nyumba, ili karatasi zifanane na gari. Breki zikaguliwe na fundi mwingine, asijikague mwenyewe. Mtu huwa mpole kwa kazi ya mikono yake.

Mjini kaeni usiku mbili. Tafuteni hoteli au nyumba ya wageni yenye ua mpana na mlinzi, upande wa chini ya mlima, mlipie kuegesha na kutumia choo na bafu. Hivyo ndivyo gari la kulala linavyotumika kwetu. Huko Marekani kuna viwanja maalumu ambako mtu anachomeka umeme, anaunga maji na kumwaga choo chake mahali palipoandaliwa. Sisi hatuna, kwa hiyo tunaomba ua wa mtu na tunalipa. Mumeo akatafute alama za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, akutembeze huku akisimulia. Ukichoka na muziki wake, mpeleke Mazimbu. Wewe mwalimu utapapenda. Pale ndipo wakimbizi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini walipojenga shule waliyoipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Shule ile ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na makaburi ya waliofia ugenini wakisubiri nchi yao bado yapo. Mimi nilipofika pale nilisoma miaka ya kuzaliwa kwenye mawe nikashindwa kuendelea kutembea, vijana watupu.

Mgeta pandeni bila Coaster. Nasema hivi nikijua itamuuma. Kutoka barabara ya Iringa mnakunja Sangasanga, mnapita Mlali, kisha mlima unaanza. Njia ni nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Basi lililobeba kitanda, betri, mtungi wa gesi na tangi la maji linayumba kuliko basi la abiria, na likikutana na lori la kabichi linaloshuka, mmoja lazima arudi nyuma. Liacheni kwenye ua uleule wa mjini, mpande na gari la huko ambalo dereva wake anazijua kona zile kwa majina.

Na akifika juu ataelewa kwamba korongo lile haliangaliwi kupitia dirishani. Wewe umelikulia. Mashamba yamepangwa ngazi kwa ngazi hadi mtu anajiuliza mkulima anasimamaje, viazi, karoti, njegere, mipichisi, na huko chini kabisa Mto Mgeta unasikika kabla haujaonekana. Mpeleke Bunduki akaone maporomoko ya Hululu. Mtembee taratibu, mpumzike, mkaribishwe chai mahali. Mkitaka kuingia msituni, ule wa juu unaopanda hadi uwanda wa Lukwangule, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru tangu mwaka 2008. Kibali na mwongozaji mnavipata kwa TFS, wakala wa misitu, palepale Morogoro kabla ya kupanda.

Kuna jambo la mto huu ambalo ningependa mumeo alijue akiwa amesimama kwenye kingo zake. Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaoletwa mabombani Dar es Salaam. Maji mnayochota Tabata yameanzia kwenye milima ya mama yako. Kwa hiyo sabuni, mafuta ya gari, na hasa choo cha kubeba kama mtakuwa nacho, visimwagwe mtoni wala kwenye kijito chochote cha Uluguru. Kila kitu kishuke nanyi hadi kwenye choo cha shimo au tangi la maji taka la hotelini, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Kuhusu kulala kando ya mto, sikilizeni yaliyonikuta. Mimi na marehemu mume wangu tuliwahi kulala kwenye pikapu kwenye mchanga wa mto uliokuwa umekauka. Mchana kutwa jua lilikuwa kali na usiku nyota zimejaa. Saa nane nikaamshwa na mngurumo nikidhani ni lori. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali, mahali tusipopaona. Tulitoka na watoto mikononi, na asubuhi pikapu tuliikuta imeegemea mti, imejaa tope hadi kwenye usukani. Tangu siku hiyo mto uwe mzuri kiasi gani, mimi nalala juu, mbali, kwenye ardhi ambayo mwenyewe ameniambia maji hayajawahi kufika. Na popote mtakapotaka kulala nje ya mji, kwanza nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji mjitambulishe. Gari geni lililoegeshwa gizani linatisha watu, na watu wakitishika lolote linaweza kutokea.

La pili ni baridi. Msiwashe jiko la mkaa ndani ya gari, hata dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini, tena unaanza na usingizi mtamu. Hata la gesi lizimwe na mtungi ufungwe kabla ya kulala. Bebeni mablanketi.

Nimebakiza Stiegler. Korongo alilosimuliwa na baba yake si lile tena. Lilipewa jina la Mjerumani anayesimuliwa kwamba aliuawa na tembo pale mwaka 1907, na kwa miaka mingi Rufiji ilipita humo ikiwa imebanwa na miamba. Sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, ukuta wa mita 131 kwenda juu na mitambo ya megawati 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024, na sehemu ya korongo iliyo nyuma ya ukuta imezama. Kwa fundi umeme hiyo pengine ni habari njema kuliko korongo lenyewe. Lakini mahali hapo ni pa kuingia kwa ruhusa, si pa kuegesha na kutandika kitanda, na njia ya kutoka Morogoro kupitia Bigwa, Matombo, Mvuha na Kisaki inahitaji gari linalosukuma magurudumu yote manne. Iwe safari nyingine, mwaka mwingine, aiombee ruhusa mapema.

Badala yake nampa korongo ambalo Coaster yake italifikia kwa lami mwanzo hadi mwisho. Mkitoka Morogoro kuelekea Iringa mtapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50. Hapo mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, msimame kwa ajili ya tembo na twiga bila kushuka, na mpite mchana, kwa sababu wanyama hugongwa usiku na faini zake ni kubwa. Mkishapita mji wa Mikumi, barabara inaingia milimani, Udzungwa upande mmoja na Rubeho upande mwingine, na ghafla Mto Ruaha Mkuu unakuwa pembeni yenu, umebanwa, unapiga mawe. Hewa inabadilika, joto linapanda, na mibuyu inaanza, mmoja, miwili, kisha mlima mzima umejaa mibuyu kana kwamba imepandwa na mtu. Mimi nimepita pale mara nyingi kwa basi nikiwa nimebandika uso dirishani, na kila mara basi limepita haraka mno. Ninyi mna gari lenu. Simameni penye nafasi, nje kabisa ya barabara, mchemshe chai.

Huko ndiko gari lile litakakoonesha thamani yake. Endeni hadi Ruaha Mbuyuni, mnunue vitunguu, mtafute kambi au nyumba ya wageni yenye uzio, mlale humo garini na mlango wazi hadi usiku uingie. Mtoni msiteremke kuoga, mamba wapo. Msipande Kitonga. Mmeshaona mlichokifuata, na mlima ule hauna huruma na breki kuukuu. Na mumeo akikaa akitazama maji, mwambie kwamba maji hayo yamefunguliwa kutoka bwawa la Mtera, kutoka hapo yanateremka kuzungusha mitambo ya Kidatu, ambayo inafanya kazi tangu 1975, kisha yanaingia Rufiji hadi kwenye lile bwawa jipya. Stiegler ya baba yake inaanzia hapo miguuni pake.

Umesema amebakiza viti sita. Basi mkishuka kutoka Mgeta, shukeni na dada yako. Mwombeni mjomba ruhusa, mumchukue siku mbili, mumpeleke kwenye mibuyu. Yeye na wewe mlale kwenye kile kitanda, mumeo atandike godoro kwenye ujia. Atakubali, namjua mtu wa aina yake kutokana na barua yako, na hakuna atakayelisifu gari lile kuliko mwanamke ambaye maisha yake yote amesafiri amesimama kwenye mabasi na kapu la njegere kichwani.

Sasa swali lako la mwisho. Usifike tu. Mzee wa umri ule hashtukizwi, na wewe hutaki akuone ukiwa umesimama mlangoni kabla hajasikia sauti yako. Mpigie leo jioni. Usimpe habari za gari kwenye simu. Muulize miguu yake inaendeleaje, muulize kaburi la mama lina hali gani na kama kuna mtu wa kulipalilia kabla hamjafika. Kisha mwambie mnakuja Julai, wewe na mkwewe, na kwamba utamletea blanketi zito, sukari na majani ya chai. Akikuuliza mtalala siku ngapi, usimjibu mbili.